Kipyenga cha Mwalimu: Ukumbi wa Hasheem, paa lililoanguka usiku na uwanja wa zege wa Mpwapwa

Mbukwenyi wasomaji. Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia kumbi za michezo za vyuo vikuu, nadhani kwa sababu vyuo vya Dodoma vimefungua na vijana wana nafasi ya kubishana kabla mitihani haijawabana. Nimechagua chache. Wale wanaotaka tuzungumzie Simba na Yanga, nilishasema zamani kwamba hapa wamepotea njia.

Shikamoo Mwalimu. Hapa Ng'ong'ona tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwenzangu anasema Hasheem Thabeet, yule mcheza kikapu wetu, alipokuwa chuo kule Marekani walicheza kwenye ukumbi wa mjini, kwa sababu hakuna chuo kinachoweza kujaza watu elfu kumi ndani ya kampasi. Mimi nasema chuo chake kina ukumbi wake. Nani kashinda? Na ukumbi huo una historia gani? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Marahaba mwanangu. Mmeshinda wote wawili, kwa hiyo chai lipieni nusu kwa nusu.

Hasheem alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009, na chuo hicho huzigawa mechi zake za nyumbani. Baadhi huchezwa Hartford, makao makuu ya jimbo, kwenye ukumbi wa mjini uliofunguliwa 1975. Hapo mwenzako yuko sawa. Zilizobaki huchezwa Gampel Pavilion, ndani ya kampasi, kijijini Storrs, kilomita kama 40 kutoka Hartford. Hapo wewe uko sawa, na Gampel ndio ukumbi wenye hadithi tamu zaidi.

Nimesema kijijini makusudi. Chuo kile kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, baada ya ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs, kutoa ardhi na fedha. Kilikuja kuitwa chuo kikuu mwaka 1939. Hata leo chuo kinafuga ng'ombe wake wa maziwa, na aiskrimu inauzwa palepale kampasini. Ukiwaza sehemu ambayo ingezaa mabingwa wa kikapu, Storrs isingekujia kichwani.

Kwa miaka mingi timu ilicheza kwenye jengo lililofunguliwa 1954, ambalo baadaye lilipewa jina la kocha Hugh Greer. Mwaka 1979 Connecticut ikawa miongoni mwa waanzilishi wa ligi ya Big East, pamoja na vigogo kama Georgetown, Syracuse na St. John's. Ikawa kama kuku wa kienyeji aliyealikwa kwenye baraza la tai. Jengo la kampasini lilikuwa dogo kwa mechi za namna hiyo, kwa hiyo mechi kubwa zikawa zinapelekwa Hartford, na mwanafunzi aliyetaka kuiona timu ya chuo chake akawa anapanda basi. Nimefundisha michezo shuleni mpaka nikastaafu, na hili nalijua bila kusimuliwa: mechi ikihamishiwa uwanja wa mjini, wanaokuja kushangilia ni wenye nauli.

Mwaka 1986 akaletwa kocha Jim Calhoun. Miaka miwili baadaye timu ikachukua kombe la NIT, mashindano ya vyuo ambavyo havikuitwa kwenye yale makubwa ya taifa, na watu wakaanza kuamini. Gampel ikafunguliwa tarehe 27 Januari 1990, katikati ya msimu. Mgeni wa kwanza alikuwa St. John's, akafungwa 72 kwa 58, mbele ya watu zaidi ya 8,000 chini ya paa la kuba. Msimu huohuo Connecticut ikatwaa ubingwa wa Big East kwa mara ya kwanza. Ukumbi ulipanuliwa mwaka 1996 na sasa unachukua zaidi ya 10,000. Jina ni la Harry Gampel, mhitimu wa chuo hichohicho aliyechangia dola milioni moja. Kiasi hicho hakijengi ukumbi wa ukubwa ule, ila kinatosha kuandikwa mlangoni. Wenzetu wanazo bei za vitu hivyo.

Sasa Hasheem. Mtoto wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, akafika Storrs akiwa na urefu wa mita 2.21. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na ringi na kufuta mitupo ya wenzake. Mwaka 2008 na tena 2009 makocha wa vyuo walimtaja mlinzi bora wa mwaka wa nchi nzima. Ipo mechi ya 2009 dhidi ya Providence alipopata pointi 15, akadaka mipira 11 iliyogonga ubao na kuzuia mitupo 10. Kuzuia mitupo kumi katika mechi moja! Mimi timu yangu nzima ilikuwa inaweza kumaliza muhula bila kufikisha idadi hiyo. Juni mwaka huo timu ya Memphis ikamchagua wa pili kati ya wachezaji wote waliokuwa wanaingia NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Maneno mnayoyasema vijiweni kuhusu alivyocheza huko NBA nayafahamu, lakini swali lenu lilikuwa la chuo, na chuoni alikuwa moto.

Ila mimi binafsi, niliyelelewa na netiboli, Gampel naiheshimu kwa sababu ya wanawake. Tarehe 16 Januari 1995 timu ya wanawake ya Connecticut iliikaribisha Tennessee, waliokuwa wakubwa wa enzi hizo, ikawafunga 77 kwa 66 ukumbi ukiwa umefurika. Wakaendelea hivyo mpaka mwisho wa msimu: mechi 35, ushindi 35, ubingwa wa taifa wa kwanza. Kocha wao, Geno Auriemma, alikuwepo tangu 1985, enzi za lile jengo la zamani. Baadaye, kati ya 2014 na 2017, timu yake ilishinda mechi 111 mfululizo. Nyuma ya hayo kuna sheria ya Marekani ya 1972 iliyokataza chuo au shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa jinsia yake. Tangu hapo mkuu wa chuo hakuweza tena kuwapa wavulana ukumbi na wasichana uwanja wa vumbi nyuma ya jiko. Uwanja wa nyuma ya jiko naujua. Nimeufagia.

Nanyi wa Ng'ong'ona msijione wanyonge. Chuo chenu kilipoanza mwaka 2007 kilianzia Chimwaga, palipokuwa na ukumbi wa mikutano ya CCM. Ukumbi kwenu ulitangulia, mabweni yakafuata.

Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni fundi wa mapaa. Nimefunga kenchi za makanisa na maghala, na nikilazimishwa kupita mita kumi na mbili bila nguzo ya kati usingizi unanipaa. Hao wa vyuo wanafunikaje watu elfu kumi bila hata nguzo moja? (Fundi, Nkuhungu)

Salama fundi. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, na nimeomba msaada kwa mhandisi mmoja jirani ili nisikudanganye.

Njia kongwe ni pinde za chuma. Nenda Philadelphia, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uone Palestra, uliofunguliwa tarehe mosi Januari 1927. Ndani hakuna nguzo inayomziba mtazamaji. Paa limebebwa na pinde zilizovuka kutoka ukuta huu hadi ule, na mzigo unateremka pembeni mpaka kwenye misingi. Bado unatumika. Njia ya pili ni kuba, kama Gampel: kila upande unaegemea wenzake.

Njia ya tatu ndiyo nataka uisikie vizuri. Ule ukumbi wa Hartford niliomtajia kijana wa Ng'ongʼona ulifunikwa kwa wavu wa vyuma, vipande vingi vilivyounganishwa juu na chini na katikati, wenye upana wa mita 91 na urefu wa mita 110, uliokaa juu ya nguzo nne tu. Hesabu zake zilipigwa kwa kompyuta, jambo geni kwa miaka ile. Wavu uliungwa chini kisha ukainuliwa juu. Wakati wa ujenzi watu waliona umebonyea katikati, na ulipopimwa ikaonekana umeshuka mara mbili ya ilivyotabiriwa. Wakauliza. Wakajibiwa kwamba hiyo ni kawaida, hesabu ziko sawa.

Usiku wa tarehe 17 Januari 1978 Connecticut ilicheza pale na Chuo Kikuu cha Massachusetts, watu kama 5,000 wakiangalia, nje theluji inaanguka. Mechi ikaisha, watu wakarudi makwao, wafagiaji wakamaliza. Saa kumi na robo alfajiri paa lote, tani 1,400, likashuka juu ya viti vitupu. Hakuna aliyeumia hata kidole. Theluji ya usiku ule haikufikia hata mzigo ambao paa lilidaiwa kuubeba. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma vya safu ya juu, vinavyobanwa paa likilemewa, havikushikiliwa vya kutosha kwa pembeni, vikapinda kimoja baada ya kingine. Ukumbi ulifunguliwa tena 1980 kwa paa la aina nyingine.

Kwa hiyo usingizi wako kukupaa ni dalili nzuri. Waliolala fofofo ni wale wa Hartford. Huku kwetu theluji hakuna, lakini upepo wa Dodoma unaujua. Ule haukandamizi, unanyanyua, kwa hiyo kila kenchi ifungwe kwenye lenta kwa nondo iliyotoka ndani ya zege, si kwa waya wa kufungia. Na ukishapiga bati, vuta uzi chini ya kenchi kutoka ukuta hadi ukuta, pima katikati imeshuka kiasi gani, andika kwenye daftari na tarehe. Rudi mwaka unaofuata na uzi uleule. Ikiwa imeshuka zaidi, mwambie mwenye jengo kwa maandishi, hata kama ni mchungaji wako.

Mwalimu, salaam. Mimi ni mzee wa Kongwa, nilikuwa mtoto wakati wapigania uhuru wa kusini wana kambi zao hapa. Mjukuu wangu anashabikia chuo kinaitwa Duke, anakesha na simu. Kanionyesha picha ya ukumbi wao, nikamwambia jengo la umri ule kule lilijengwa wakati mtu mweusi haruhusiwi kusoma chuoni. Kacheka. Nani mkweli? (Babu, Kongwa)

Shikamoo mzee wangu. Wewe ni mkweli, na mjukuu akimaliza kucheka mwambie jingine: aliyelichora alikuwa mweusi.

Ukumbi huo unaitwa Cameron Indoor Stadium, upo Durham, North Carolina. Ulifunguliwa tarehe 6 Januari 1940 kwa mechi ya Duke na Princeton, wenyeji wakashinda 36 kwa 27. Uligharimu dola 400,000, na deni lilimalizwa na mapato ya timu ya futiboli ya Kimarekani baada ya mechi ya Sugar Bowl ya mwaka 1945. Mashabiki wanapenda kusimulia kwamba mchoro wa kwanza ulifanywa na makocha wawili juu ya kasha la kiberiti. Ni hadithi nzuri ya kunywea kahawa. Michoro halisi ilitoka ofisi ya msanifu Horace Trumbauer wa Philadelphia, na msanifu mkuu wa ofisi hiyo alikuwa Julian Abele, mweusi wa kwanza kuhitimu usanifu majengo Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1902. Kanisa kubwa la Duke na sehemu kubwa ya kampasi ile vimetoka mkononi mwake. Michoro ilikuwa ikitoka kwa jina la ofisi. Abele alifariki 1950. Duke ilianza kupokea wanafunzi weusi wa shahada za juu mwaka 1961, na wa shahada ya kwanza mwaka 1963. Maana yake mtoto wake asingeweza kukata tiketi na kukaa na wanafunzi wa chuo alichokichora baba yake.

Na sasa Kongwa yenu inaingia. Mwaka 1986 wanafunzi wa Duke walijenga vibanda mbele ya lile kanisa, kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, haohao makaburu ambao vijana wa ANC waliokuwa Kongwa walijiandaa kupambana nao. Mwanafunzi mmoja akalalamika gazetini kwamba vibanda vinaharibu uzuri wa kampasi. Akajibiwa na mwanafunzi mwingine, binti wa ukoo wa Abele, kitukuu wa ndugu yake. Alisema babu yake huyo ndiye aliyeubuni uzuri huo, naye alikuwa mhanga wa ubaguzi wa nchi yake mwenyewe. Wengi pale ndipo walipolisikia jina la Abele kwa mara ya kwanza. Mwaka 1988 picha yake ikatundikwa, na 2016 uwanja mkuu wa kampasi ukapewa jina lake. Ukumbi wenyewe tangu 1972 una jina la Eddie Cameron, kocha na mkurugenzi wa michezo. Sina ugomvi na kocha, lakini mimi ningeandika majina mawili.

Mwachie mjukuu akeshe. Ila siku ya mechi umuulize nani kachora.

Mwalimu, eti aliyebuni mpira wa kikapu alikuwa kocha wa kufungwafungwa? (Mwanafunzi wa darasa la saba, Singida)

Eti ndiyo. James Naismith alibuni mchezo huu Desemba 1891 kule Springfield, Massachusetts, kwa vikapu vya matunda na kanuni 13. Mwaka 1898 akaenda Chuo Kikuu cha Kansas, na kati ya makocha wote wa Kansas ni yeye tu aliyefungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda: alishinda 55, akafungwa 60. Mwanafunzi wake, Phog Allen, ndiye aliyekuwa fundi wa kushinda, na ukumbi wa pale, uliofunguliwa 1955, una jina la Allen. Ulianza kujengwa wakati wa vita vya Korea, chuma kikiwa kwa kibali. Wakakipata kwa kusema jengo litatumika pia kama ghala la silaha. Karatasi ya zile kanuni 13 ilinunuliwa mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni nne, na sasa ipo kwenye jengo lililopakana na ukumbi huo. Kwa hiyo tunza madaftari yako.

Mwalimu mwenzangu, wazazi wetu wamechanga tujenge uwanja wa kikapu wa zege. Ukumbi hatuuwezi, tuna jua na vumbi tu. Tuanzie wapi? (Mwalimu wa michezo, sekondari, Mpwapwa)

Anzieni kwenye udongo, mwenzangu. Kama ni ule mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi, uchimbeni utoke na mjaze kifusi kilichoshindiliwa, la sivyo zege litapasuka nao. Uwanja ni mita 28 kwa 15, na ongezeni mita mbili kila upande ili mtoto akikimbia asikutane na ukingo. Urefu uelekee kaskazini na kusini, maana jua la jioni la huko likimpiga mtu machoni hatupi hata mpira mmoja wa maana.

Mwageni zege kwa vipande vyenye nafasi kati yake, na uwanja uiname kidogo kuelekea upande mmoja, sentimita moja kwa kila mita, maji ya masika yatoke. Anzeni kumwaga alfajiri. Halafu hapa ndipo shule nyingi zinapoharibu: fundi akishalipwa anaondoka, zege linaachwa juani na upepo, na baada ya wiki mbili lina nyufa kama mguu wa mchungaji wa mbuzi. Lifunikeni kwa magunia na mlimwagilie siku saba bila kukosa, hata Jumapili. Wapangieni wanafunzi zamu, na wewe simamia.

Usoni msiliache laini kama sakafu ya sebule. Lipigwe brashi likiwa bichi. Vumbi juu ya zege laini linateleza kuliko ute wa bamia. Kila asubuhi burutieni gunia lililoloweshwa kutoka ringi hadi ringi.

Nguzo za ubao zisimame nje ya mstari, angalau mita moja, mzifunge matairi ya zamani usawa wa kifua cha mtoto. Ringi iwe mita 3.05 kutoka chini, ipimwe baada ya zege kumalizika, si kabla. Wasichana wanunulieni mpira namba 6. Na ringi ya kuchomelea ina sentimita 45 kwa ndani. Nimeona shule ambayo fundi alikadiria kwa macho, mpira ukawa unakaa juu yake kama yai kwenye kikombe. Mpelekeeni mpira wenyewe karakanani, aupitishe mbele yenu kabla hamjamlipa.